Jinsi ya kuhamisha mfumo endeshi hadi diski mpya bila kupoteza data

MJINI Machakos, sawa na katika miji mingine ya kaunti nchini Kenya, tarakilishi moja kuukuu inaweza kuwa tegemeo la familia nzima. Katika saiba ndimo wanafunzi huombea mikopo ya elimu ya juu, wafanyabiashara huwasilisha ripoti za kodi, na wakazi hujaza fomu za huduma za serikali kupitia eCitizen. Mashine hiyo inapoanza kujikokota, au inapotoa mlio wa kugongagonga, riziki ya mwenyewe huwa hatarini. Nakala za vitambulisho na vyeti vya wateja zilizomo ndani huwa hatarini pia.

Si lazima mashine yote itupwe. Mara nyingi kilichochakaa ni diski kuu peke yake, na diski hubadilishwa kwa bisibisi na saa chache za subira. Kazi ngumu ni kuuhamisha mfumo endeshi, kama vile Windows au Linux, kutoka diski ya zamani hadi mpya.

Diski za aina mbili

Diski kuu ya kale ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikipita juu yake bila kuzigusa. Kishindo kimoja au vumbi likipenya, sahani huweza kukwaruzwa na data zikapotea.

Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Data huhifadhiwa katika vipande vya kielektroniki, na kwa hiyo husomwa kwa kasi kubwa zaidi. Tarakilishi iliyochukua dakika kadhaa kuwaka huweza kuwaka kwa sekunde chache baada ya kuwekewa SSD, hata bila kubadilishwa kitu kingine.

Kwa nini kunakili faili hakutoshi

Wengi hujaribu kunakili folda zote za diski ya zamani na kuzibandika katika mpya, kisha hushangaa tarakilishi inapokataa kuwaka. Kosa hilo linaeleweka kwa urahisi.

Mwaka 1899, afisa wa utawala wa Uingereza, John Ainsworth, alihamisha ofisi yake kutoka Machakos hadi Nairobi, mahali ambapo reli ilikuwa imefika. Uhamisho kama huo haukamiliki kwa kubeba majalada tu. Sharti watu waelekezwe ofisi mpya iko wapi, la sivyo wataendelea kubisha mlango wa zamani.

Ndivyo ilivyo kwa tarakilishi. Inapowashwa, programu ndogo iliyo katika bodi kuu, iitwayo BIOS au UEFI, hutafuta katika diski sehemu maalumu yenye maelekezo ya kuuamsha mfumo endeshi. Sehemu hiyo haionekani miongoni mwa folda za kawaida. Anayenakili folda pekee huiacha nyuma.

Maandalizi

Hatua ya kwanza, na isiyofaa kurukwa, ni kuweka nakala ya data zote muhimu mahali pa tatu, nje ya diski zote mbili. Diski inayokaribia kufa huweza kuzimika kabisa katikati ya kazi, kwa kuwa kunakiliwa yote kwa mpigo ni mzigo mzito kwake. Ikiwa tayari inagonga, faili ziokolewe kwanza na mengine yafuate.

Pili, diski mpya iwe na nafasi ya kutosha na ya umbo linalofaa. Vipakatalishi vingi vya miaka iliyopita hupokea diski ya inchi 2.5. Vya karibuni hupokea ubao mwembamba wa M.2, ambao una aina mbili zinazofanana kwa sura lakini hazitumiki kwa kubadilishana. Ni vyema kusoma maelezo ya mashine kabla ya kutoa pesa.

Tatu, ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48 uandikwe kando, na ulinzi huo usimamishwe hadi kazi iishe.

Leseni ya Windows haipaswi kumtia mtu wasiwasi. Kwa kawaida leseni ya kidijitali hufungamana na bodi kuu ya mashine, hivyo kubadilisha diski pekee hakuifuti.

Njia mbili

Njia ya kwanza ni kusakinisha mfumo endeshi upya katika diski mpya kwa kutumia flashi, kisha kurudisha faili. Huchukua muda kwa sababu kila programu hurejeshwa peke yake, lakini ndiyo bora kwa mashine iliyojaa virusi. Anayenakili mfumo mgonjwa huuhamisha pamoja na ugonjwa wake.

Njia ya pili ni kunakili diski nzima, pamoja na ile sehemu ya kuwashia. Kampuni kadhaa zinazouza SSD hutoa programu za kazi hii bila malipo. Ipo pia Clonezilla, programu huria inayowashwa kutoka kwenye flashi. Kwa kawaida Clonezilla hutaka diski mpya iwe na ukubwa sawa na wa zamani au zaidi. Anayehamia diski ndogo atafute programu inayoweza kupunguza sehemu za diski wakati wa kunakili.

Kazi yenyewe

Diski mpya huunganishwa kwa kebo ya kugeuza SATA kuwa USB. Programu ya kunakili huuliza ipi ni diski ya chanzo na ipi ni ya kupokea. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, kwani kila kilichomo katika diski ya kupokea hufutwa. Anayezikanganya mbili hizo hunakili utupu juu ya data zake. Jina na ukubwa wa kila diski usomwe mara mbili kabla ya kubonyeza.

Muda hutegemea kasi ya kebo. USB 2.0 haiwezi kupita megabaiti 60 kwa sekunde hata kwa hesabu ya vitabuni, kwa hiyo gigabaiti 200 huhitaji karibu saa nzima na kwa kweli zaidi ya hapo. USB 3.0 hupunguza muda huo sana. Kwa kuwa stima huweza kukatika wakati wowote, kipakatalishi kiwe na betri iliyojaa, na tarakilishi ya mezani iunganishwe na UPS.

Kazi ikiisha, mashine izimwe na kuchomolewa waya, diski ya zamani itolewe na mpya iwekwe mahali pake. Zisiachwe zote mbili ndani wakati wa kuwasha mara ya kwanza, kwa sababu zina utambulisho mmoja na huweza kuuchanganya mfumo. Mashine ikikataa kuwaka, aghalabu BIOS au UEFI haijaelekezwa kwenye diski mpya, au imewekwa katika hali tofauti na ile iliyotumiwa na diski ya zamani.

Diski mpya haifanyi kila kitu. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na Windows 11 hutaka, miongoni mwa mengine, TPM 2.0 ambayo mashine nyingi kuukuu hazina. Mwenye mashine kama hiyo huweza kuhamia Linux, ambayo matoleo yake mengi hupatikana bure.

Diski ya zamani

Wengi hudhani kazi imekwisha mashine inapowaka. Bado. Diski ya zamani ihifadhiwe kwa majuma kadhaa bila kuguswa, hadi mwenyewe ahakikishe kwamba faili zote zafunguka.

Baada ya hapo, isiuzwe wala kutupwa ilivyo. Kufuta faili, au kuumbiza diski kwa njia ya haraka, huondoa orodha tu na kuacha yaliyomo. Fundi yeyote mwenye programu ya kuokoa data huweza kuvipata vitambulisho, namba za simu na vyeti vya mamia ya watu. Diski ya sahani iandikwe upya yote kwa kuumbizwa kikamilifu. SSD ifutwe kwa programu ya kampuni iliyoitengeneza. Iliyokufa kabisa ivunjwe sahani zake, kisha ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki badala ya kuchomwa moto.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka anayeshughulikia data za watu azilinde. Mteja aliyeacha nakala ya kitambulisho chake katika saiba hakumpa mwenye saiba ruhusa ya kuiuza pamoja na diski kuukuu.