Shule ya Relini: Mafundi wa TAZARA

Ujenzi wa reli ya TAZARA ulipozinduliwa Oktoba 1970, Tanzania haikuwa imetimiza miaka tisa ya uhuru, na wahandisi wake walikuwa wachache mno. Kazi haikungoja. Tangu walowezi wa Rhodesia wajitangazie uhuru mwaka 1965, shaba ya Zambia ilitafuta njia ya kufika baharini isiyopita Rhodesia, na njia hiyo ilikuwa kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam.

Vijana walichukuliwa vijijini, wengine wakitokea Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala. Wengi walikuwa na elimu ndogo ya darasani. Wachina ndio waliojenga reli hiyo na wakalimani hawakutosha, kwa hiyo fundi wa Kichina alishika chombo, akaonyesha, kisha akamkabidhi kijana arudie mpaka apatie. Kati ya Mlimba na Makambako, reli inapopanda kutoka bonde la Kilombero kwenda nyanda za juu, waliyojifunza hayakuwa madogo: kutoboa mwamba, kulipua baruti, kumwaga zege la nguzo za madaraja, kuzuia udongo uliolowa mvua usiporomoke. Aliyeanza kwa kubeba kokoto aliweza kumaliza akiwa dereva wa lori au fundi umeme.

Darasa nalo halikusahauliwa. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea uhandisi na uendeshaji wa reli, na Mpika, upande wa Zambia, kukawa na chuo cha reli.

Julai 1976 Wachina walikabidhi reli, na hapo ndipo ugumu ulipojitokeza. Kujenga reli ni kazi moja, kuiendesha ni nyingine kabisa. Mkono uliozoea sululu na baruti sasa ulitakiwa kusoma ishara, kupanga ratiba na kufungua injini ya dizeli. Wajenzi wengi walikuwa wameshapunguzwa kazini na kurudi makwao na ujuzi wao, na waliotoka vyuoni walikuwa bado hawajakaa na mashine muda wa kutosha kuzijua tabia zake. Si haki kuwatupia wao lawama zote: injini za awali zilielemewa na mwinuko uleule wa Mlimba, na hakuna cheti kinachoongeza nguvu za injini. Mizigo ilirundikana bandarini. Mwaka 1978 Zambia ilifungua tena njia ya kusini kupitia Rhodesia, na mwaka uliofuata mafuriko yakaharibu sehemu za reli.

Mwaka 1983 wataalamu wa Kichina walirudi, safari hii wakikaa bega kwa bega na mameneja ofisini na karakanani. Kilichokosekana tangu 1976 ni hicho hasa: miaka ya kusoma na kutenda kwa pamoja, mwenye uzoefu akiwa karibu wa kuulizwa. Baadhi ya wale wa Beijing walikuja kushika nafasi za juu katika uongozi wa TAZARA.