Kadhia ya Vista
Tarehe 30 Januari 2007, baada ya miaka mitano na ushei ambayo watu walikuwa wameizoea Windows XP, kampuni ya Microsoft ya Marekani iliuza kwa umma mfumo mpya wa kompyuta, Windows Vista, wenye madirisha yang'aayo na ulinzi madhubuti kuliko wa awali. Walakini wengi walioupokea kwa bashasha hawakukawia kunung'unika. Mashine zenye kumbukumbu haba zilijikokota, printa zilizokuwa zikichapa jana zikawa ajizi kwa kukosa programu za kuziendesha, na mtu alipotaka kuweka programu mpya, skrini ilififia ghafula na kumtaka atoe idhini, hata aghalabu akabofya pasi na kusoma. Aprili ya mwaka huo huo kampuni ya Dell, kwa kuyasikiliza malalamiko ya wateja, ilirejesha XP katika baadhi ya kompyuta zake za nyumbani. Windows 7, iliyotoka tarehe 22 Oktoba 2009, ilijengwa juu ya misingi ile ile ya Vista, nayo ikapokewa kwa shangwe, maana mashine zilikwisha kupata nguvu na vifaa vilikwisha kupatiwa programu zake. Basi insafu yatulazimu tuseme kwamba Vista iliponzwa zaidi na kutoka kabla vifaa vya watu havijawa tayari kuipokea.