Mwenye Kushika Amana

Msomaji, fikiri mtu aliyekwenda safari ya mbali akamwachia jirani yake ng'ombe kwa ajili ya watoto wake. Jirani ana zizi, ana kamba, na ana fimbo mkononi. Lakini ng'ombe si wake, na maziwa ni ya watoto. Hiyo ndiyo amana, na huyo ndiye mdhamini. Sheria humfunga kwa mafundo matatu: atende kama hati ya amana ilivyoandikwa, asijifaidie mwenyewe, na atoe hesabu kwa wenye haki. Mamlaka yake hutoka katika hati, wala hayaizidi hati.

Sasa tazama jinsi mafundo hayo yalivyojaribiwa si mbali na mji wetu wa Eldoret. Ukishika njia ya Turbo kuelekea magharibi, kisha ukageuka kusini, utafika Kakamega. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba imeishika Kenya kama amana kwa ajili ya Waafrika. Mwaka 1930 ikatungwa Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji. Ilisema kwamba ardhi zilizotengwa zitakuwa za wenyeji milele. Na kipande kikihitajiwa kwa manufaa ya umma, baraza lao liulizwe kwanza, kisha wapewe ardhi nyingine iliyo sawa nacho.

Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega, na wachimbaji wakamiminika. Basi Desemba 1932 sheria ikarekebishwa kwa haraka: ardhi ya machimbo iweze kuondolewa bila ya kuliuliza kwanza baraza la wenyeji, na fidia iwe fedha badala ya ardhi. Hata huko Uingereza watu walilalamika, Lord Lugard akiwa mmoja wao. Milele hiyo haikutimiza miaka mitatu.

Je, kosa lilikuwa wapi? Serikali haikuivunja sheria, iliibadili. Mdhamini wa kawaida hawezi kuigeuza hati kwa kupenda kwake. Lakini mdhamini huyu alikuwa pia mtunga sheria, na wenye mali hawakuwa na mwenzao katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia humo mwaka 1944.

Wala usidhani kwamba tabia hiyo ni ya wageni tu. Baada ya uhuru wa 1963, ardhi za amana zilikabidhiwa mabaraza ya kaunti, na mwaka 2004 tume ya Ndung'u ilionyesha kwamba nyingi ziligawiwa watu kinyume cha sheria. Ndipo Katiba ya 2010 ilipoirudisha ardhi hiyo kwa jamii zenyewe, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikazikataza serikali za kaunti kuiuza ile ambayo bado haijaandikishwa.

Kesho, msomaji, huenda ukakabidhiwa mfuko wa chama au shamba la yatima. Isome hati, na wenye mali wakikuuliza hesabu, usione umetukanwa. Kuuliza ni haki yao.