Mikono Sita ya Merikani

Kabla ya mita kufika pwani yetu, nguo ilipimwa kwa mkono: kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Pima hivyo mara sita uone. Haifiki mita tatu. Kwa mikono sita ya merikani, nguo ile nzito iliyofumwa Marekani na kupakiwa kwenye merikebu za bandari ya Salem, msichana wa Kiyao aitwaye Swema aliuzwa katika miaka ya 1860, akaswagwa kwa miguu hadi Kilwa.

Habari hii tunayo kwa sababu Swema aliisimulia mwenyewe. Aliyeiandika ni Padri Antoine Horner, Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyefika Unguja mwaka 1863, na kitabu kilichapishwa Paris mwaka 1870. Kilikuwa kitabu cha ibada, cha kuwagusa mioyo Wakristo wa Ufaransa na kuwafungulia mifuko. Kwa hiyo tukisome kwa subira, tukijua kwamba kati ya mdomo wa binti na sikio letu kuna kalamu ya padri.

Utumwa wa Swema haukuanza kwa bunduki wala kwa wavamizi wa usiku. Ulianza kwa njaa. Baba yake, mwindaji, aliuawa na simba. Nzige walikula mazao, ndugu zake wakafa, mama akabaki na mtoto mmoja. Akahama, akakopa nafaka ili waishi, na alipokopa ndipo alipopotea. Ujane bila ukoo wa kumsimamia ulimfanya awe kama nyumba isiyo na mlango. Msafara wa Waarabu ulipopita, mdai akamchukua mtoto badala ya deni, akamuuza.

Mama hakukubali kubaki. Alimwendea mkuu wa msafara akaomba amchukue naye. Atabeba pembe ya ndovu, ilimradi afuatane na mwanawe. Mkuu akakubali. Kwake ilikuwa faida tupu: hamali wa bure.

Hapa nataka tukae kidogo. Pembe ya ndovu ni mzigo wa kuvunja shingo ya mwanamume aliyeshiba, na huyu alikuwa mwanamke aliyetoka kwenye njaa. Njia kutoka bara hadi pwani ilichukua majuma mengi. Watu walitembea wamefungwa pamoja, wengine shingoni mna kongwa, na chakula kiligawiwa kwa hesabu ya mfanyabiashara. Nguvu za mama zikaisha. Asiyeweza kubeba hakulishwa, na asiyeweza kutembea aliachwa. Swema aling'ang'ania kwa mama yake, akapigwa, akavutwa, msafara ukaendelea. Kuanzia siku hiyo hakutaka tena kula.

Wakafika Kilwa. Usifikirie Kilwa Kisiwani na magofu yake. Kufikia karne ya 19 biashara ilikuwa imehamia Kivinje, upande wa bara, mji ambao leo wengi huutaja kwa ajili ya mashujaa wa Maji Maji walionyongwa pale. Hapo ndipo misafara ya Nyasa ilipomwaga watu. Hesabu za forodha kati ya 1862 na 1867 zinaonyesha watumwa karibu 97,000 waliosafirishwa kutoka Kilwa, wengi wao kwenda Unguja. Katika daftari la forodha Swema alikuwa kichwa kimoja cha kulipiwa ushuru.

Jahazi lilipofika Unguja, alikuwa mifupa na ngozi. Mwenye mali alimtazama akaona hasara. Watu wake wakamfunga ndani ya mkeka, wakampeleka makaburini, wakamfukia mchanga juu juu, angali hai. Kijana mmoja kutoka kisiwa cha Réunion alipita karibu akasikia mtu anaguna. Akafukua. Akambeba hadi kwa masista wa shirika la Mabinti wa Maria, ambao nao walikuwa wametoka Réunion mwishoni mwa 1860 na kufungua hospitali mjini.

Akapona, akafundishwa dini. Siku moja akaletwa hospitalini Mwarabu aliyejeruhiwa vibaya, na sista akamwambia Swema amsaidie kumuuguza. Swema akamtambua. Alikuwa mmoja wa wale waliomtenda kwenye msafara. Akakimbia kwanza, kisha akaenda kusali, kisha akarudi kumwosha yule mtu vidonda.

Tukio hili ndilo kilele cha kitabu, na lazima niseme kwamba limekaa vizuri mno mahali pake, kama jiwe lililochongwa kujaza pengo. Mtu mwenye shaka atasema padri alilipamba. Huenda. Lakini njaa, mkopo, urefu wa nguo, pembe begani mwa mama: hayo hayana harufu ya kanisa. Ni mambo ya mtu aliyekuwepo. Na mtu anayekumbuka bei yake kwa mikono hashindwi kukumbuka uso wa aliyemswaga.

Kuna neno moja katika habari hii ya msamaha linalonisumbua. Katika Biblia ya Kiswahili, pale Mathayo anapoandika sala ya Bwana, kinachosamehewa kinaitwa deni. Kwa wengi wetu ni neno la kanisani tu. Kwa Swema deni lilikuwa nafaka iliyokopwa, mlango uliogongwa, mama aliyeachwa njiani. Kumwambia mtoto kama huyo asamehe madeni ni kumwomba arudi mwanzo wa njia nzima. Mapadri waliona katika kukubali kwake kusamehe ushindi wa imani yao, na sina haki ya kumpokonya Swema imani aliyoichagua: aliomba mwenyewe kuishi na masista.

Nauheshimu msamaha wa Swema. Ila mtu akiniuliza ni nani katika habari hii aliyetangulia kuyapa mateso maana, nitamtaja yule mjane aliyeomba kutwishwa pembe. Naye hakuwa amefundishwa na padri yeyote.