Kikapu cha Uingereza: Wachezaji tele, fedha haba

UWANJA wa muda uliojengwa katika Hifadhi ya Olimpiki, mashariki mwa jiji la London, kwa ajili ya mpira wa kikapu mwaka 2012 ulikuwa na viti 12,000. Ulifunikwa turubai jeupe lililoonekana kutoka mbali, na ulihesabiwa miongoni mwa majengo makubwa kabisa ya muda kuwahi kutumika katika Olimpiki. Mwaka uliofuata mafundi waliubomoa na eneo lake likaachwa kwa ujenzi wa nyumba.

Waandaaji hawakuficha jambo hilo, kwani tangu mwanzo ilielezwa kwamba uwanja ule haukukusudiwa kubaki. Kilichowashtua wapenzi wa mchezo huo ni kwamba, hata kabla turubai halijateremshwa, timu za taifa nazo zilikuwa zimekwishaambiwa kuwa hazitapewa fedha tena.

Kwa hesabu za mashirika ya michezo ya nchi hiyo, mpira wa kikapu ni wa pili baada ya soka kwa kuchezwa na vijana miongoni mwa michezo ya timu, na idadi ya wanaoucheza mara kwa mara huhesabiwa kwa zaidi ya milioni moja. Walio wengi ni watu wa mijini wenye umri wa chini ya miaka 25, na sehemu kubwa yao ni watoto wa familia zilizohamia kutoka Afrika, Karibi na Asia. Hata hivyo, mchezo huo haujawahi kuwa na ligi ya kulipwa iliyodumu kwa utulivu.

Historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. James Naismith aliubuni mchezo huo mwaka 1891 katika chuo cha chama cha vijana wa Kikristo, YMCA, mjini Springfield, Marekani. Mwaka uliofuata tu, 1892, ulikuwa umekwishafika katika tawi la YMCA la Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Nchi nyingi za Ulaya ambazo leo zinaitesa Uingereza uwanjani ziliupokea baadaye. Chama cha kuusimamia katika England na Wales kilianzishwa mwaka 1936.

Olimpiki ya London ya mwaka 1948 ilionyesha jinsi wenyeji walivyokuwa nyuma, kwani timu yao ilishika nafasi ya 20 kati ya 23. Ilipita miaka 64 kabla Uingereza haijacheza tena kikapu katika Olimpiki, na mara hiyo ya pili pia iliingia kama mwenyeji.

Hapa inafaa kufafanua jambo moja. Katika Kiswahili huzoeleka kusema Uingereza kwa maana zote, lakini katika mpira wa kikapu England, Scotland na Wales zina vyama vyao, na Ireland ya Kaskazini hushirikiana na Jamhuri ya Ireland. Timu moja ya pamoja ya Uingereza iliundwa katikati ya miaka ya 2000, shabaha kubwa ikiwa Olimpiki ya 2012. Juu ya vyama hivyo likawekwa shirikisho la pamoja, BBF. Wingi huo wa ofisi ni chanzo cha migogoro kadhaa iliyofuata.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1972, na mwaka 1987 klabu kubwa zikajitenga na kuunda ligi ya kulipwa ya BBL. Kwa muda fulani ilionekana kwamba mambo yangekuwa mazuri. Mwaka 1995 Manchester Giants walipoanza kucheza katika ukumbi mpya mkubwa wa jiji hilo, watu 14,251 walijitokeza kuwatazama, idadi ambayo hata timu za soka za madaraja ya chini zingeionea wivu.

Ustawi huo ulitegemea fedha za televisheni. Kituo cha ITV Digital kilipofilisika mwaka 2002, soka iliyumba kwa misimu michache kisha ikasimama. Kikapu hakikuwa na akiba ya kukiwezesha kufanya hivyo. Klabu zilirudi katika kumbi ndogo, nyingine zikafa, nyingine zikahama miji. Kwa miaka mingi kiwango cha juu cha mishahara kwa kikosi kizima cha BBL kilikuwa pauni 250,000 kwa msimu, kiasi ambacho nyota mmoja wa Ligi Kuu ya soka anaweza kulipwa kwa wiki moja.

Vipaji havikusubiri ligi itengemae. John Amaechi, aliyelelewa Stockport, alishika mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 17, na bado alifika NBA na kung'ara akiwa na Orlando Magic. Baadaye alifungua kituo cha michezo mjini Manchester kinachobeba jina lake.

Lakini anayeieleza vizuri zaidi hali ya mchezo huo ni Luol Deng. Alizaliwa mwaka 1985 Wau, mji ambao sasa uko Sudan Kusini. Familia yake ilikimbia vita na kwenda Misri, ambako Manute Bol, mchezaji mrefu wa NBA kutoka kabila lao la Dinka, aliwafundisha yeye na kaka zake. Kisha walipewa hifadhi Uingereza na kuishi kusini mwa London. Huko Deng alijiunga na Brixton Topcats, klabu iliyoanzishwa na kocha Jimmy Rogers na iliyofanyia mazoezi katika kituo cha michezo cha umma cha mtaa huo. Rogers, aliyefariki dunia mwaka 2018, aliwapokea kwa miongo kadhaa vijana ambao wengi wao hawakuwa na pengine pa kwenda jioni.

Akiwa na miaka 14 Deng aliondoka kwenda kusoma Marekani. Mwaka 2004 alichaguliwa wa saba katika usajili wa NBA, akaichezea Chicago Bulls kwa takriban miaka 10, na aliteuliwa mara mbili katika mchezo wa nyota, mwaka 2012 na 2013. Alipata uraia wa Uingereza mwaka 2006 na kuivaa jezi ya taifa mwaka uliofuata.

Safari hiyo ya kuondoka mapema ndiyo kawaida. Kijana mwenye kipaji akifikisha miaka 15 au 16 hukuta kwamba nchini kwake hakuna ngazi ya kupanda, hivyo hutafuta shule ya Marekani au klabu ya Hispania. Wengine hupotea kabisa kwa bendera ya Uingereza. Jeremy Sochan, aliyekulia Milton Keynes, alichaguliwa wa tisa na San Antonio Spurs mwaka 2022, lakini timu yake ya taifa ni Poland, nchi ya mama yake. OG Anunoby, aliyezaliwa London, alihamia Marekani akiwa mtoto na kukulia huko.

Mwaka 2012, Deng akiwa nahodha wa matumaini ya wenyeji, wanaume wa Uingereza walishindwa na Hispania kwa pointi moja tu, 79-78. Hispania hiyo ndiyo iliyokwenda kucheza fainali na Marekani. Waliifunga China 90-58 na kumaliza katika nafasi ya tisa. Wanawake walipoteza michezo yote mitano, ingawa Ufaransa, waliomaliza na medali ya fedha, waliwashinda kwa taabu baada ya muda wa nyongeza.

Kwa timu changa, hayo hayakuwa matokeo ya aibu. Lakini UK Sport, wakala wa serikali unaogawa fedha za bahati nasibu ya taifa na za hazina kwa michezo ya ushindani wa juu, wakati huo ulitazama kitu kimoja, nacho kilikuwa uwezekano wa kupata medali katika kipindi cha miaka minane. Kikapu kilikuwa kimepewa zaidi ya pauni milioni nane kwa maandalizi ya London. Desemba 2012 wakala huo ulitangaza kwamba kwa kipindi cha kuelekea Rio kitapata sifuri. Baada ya rufaa, mapema mwaka 2013 kilirudishiwa takriban pauni milioni saba kwa masharti. Februari 2014 zikaondolewa tena.

Hesabu ya medali haikipendelei kikapu hata kidogo. Timu ya wachezaji 12 ikishinda, nchi huhesabiwa medali moja. Katika kupiga makasia kulikuwa na medali za dhahabu 14 za kugombewa Rio, na mchezo huo ulitengewa zaidi ya pauni milioni 32. Wakosoaji, wakiwamo wabunge walioifanyia uchunguzi hali ya kikapu mwaka 2014, walihoji iweje fedha za bahati nasibu, ambazo wachangiaji wake wengi ni watu wa kipato cha chini, ziishie kwenye mashua na farasi wakati mchezo wa watoto wao unafungiwa mlango. UK Sport ilijibu kuwa kazi yake ni medali, na kwamba ukuzaji wa michezo mitaani ni wajibu wa vyombo vingine. Kwa maandishi ilikuwa sahihi. Kwa kijana wa Brixton, jibu hilo halikumpa ukumbi.

Na ukumbi ndilo tatizo la kila siku. Nchi yenye mvua na baridi kama Uingereza haiwezi kutegemea viwanja vya nje. Klabu nyingi hukodi kwa saa kumbi za shule au za halmashauri, zenye sakafu iliyochorwa mistari ya vinyoya, netiboli na wavu juu ya ile ya kikapu, na kila kundi likipigania zamu yake. Bajeti za halmashauri zilipokatwa kuanzia mwaka 2010, kodi za kumbi hizo zilipanda au milango ikafungwa. Gharama humfikia mzazi. Ndiyo maana klabu zilizojijengea makao, Leicester Riders mwaka 2016 na Newcastle Eagles mwaka 2019, zimeweza kuendesha programu za watoto ambazo nyingine zinaziota tu.

Pamoja na ukata huo, wanawake waliwashangaza wengi. Mwaka 2018 timu za taifa zilikuwa hatarini kujiondoa mashindanoni kwa kukosa nauli na posho, hadi zilipopata msaada wa dharura. Mwaka uliofuata wanawake walimaliza wa nne katika mashindano ya Ulaya, EuroBasket, nafasi ya juu kabisa kuwahi kufikiwa na timu ya Uingereza ya wakubwa katika mashindano hayo. Mwaka 2022, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, wanaume wa England walitwaa dhahabu ya kikapu cha wachezaji watatu kwa watatu. Na mwaka 2024 wanawake wa London Lions walishinda kombe la EuroCup, klabu ya kwanza ya Uingereza kutwaa taji la Ulaya.

Furaha hiyo haikudumu. London Lions ilikuwa mali ya kampuni ya uwekezaji ya 777 Partners ya Miami, ambayo mwaka 2021 ilinunua pia asilimia 45 ya hisa za ligi ya BBL kwa pauni milioni saba. Wasomaji wa habari za soka wanaikumbuka kampuni hiyo kwa jaribio lake lililoshindikana la kuinunua Everton. Ilipoporomoka mwaka 2024, BBF iliifutia BBL leseni, na ligi iliyodumu miaka 37 ikafa majira hayo ya joto. Lions ilipata wamiliki wapya. Klabu tisa zikaunda ligi nyingine kwa haraka, Super League Basketball, kwa leseni ya muda.

Badala ya amani ukazuka mgogoro mkubwa zaidi. Mwaka 2025 BBF iliwapa wawekezaji wengine, wakiongozwa na Mmarekani Marshall Glickman, leseni ya miaka 15 ya kuendesha ligi ya wanaume kuanzia mwaka 2026. Klabu zilipinga na kuchukua hatua za kisheria. Shirikisho la dunia, FIBA, liliunda jopo la kuchunguza, na baadaye mwaka huohuo likaisimamisha BBF kutokana na kasoro katika usimamizi wa ligi hiyo. Wakati viongozi wakiandikiana barua za mawakili, timu ya wanaume ilikuwa EuroBasket nchini Finland, ambako ilifungwa na Ujerumani 120-57, kisha ikajikusanya na kuifunga Montenegro.

Cha ajabu ni kwamba fedha kubwa sasa zinauona mchezo huo kwa jicho jingine. NBA, iliyocheza michezo yake ya kwanza ya ligi mjini London mwaka 2011, ilirudi Januari 2026 kwa pambano la Memphis Grizzlies na Orlando Magic, na mipango yake ya kuanzisha ligi ya Ulaya inazitaja London na Manchester. Serikali ya Uingereza nayo mwaka 2025 iliahidi hadi pauni milioni 10 kwa kikapu cha ngazi ya chini. Ni fedha nyingi kuliko zilizowahi kuahidiwa kwa kumbi na viwanja vya mitaani kwa muda mrefu, ingawa hazifiki theluthi ya zile walizopewa wapiga makasia kwa ajili ya Rio.

Deng hayuko tena upande wa Uingereza. Tangu mwaka 2019 amekuwa rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa kiasi kikubwa aliijenga timu yake kwa fedha za mfukoni mwake, wakati nchi hiyo haikuwa na ukumbi hata mmoja wa ndani wenye hadhi ya kimataifa. Julai 20, 2024, katika ukumbi wa O2 jijini London, timu hiyo iliongoza kwa pointi 16 dhidi ya Marekani ya LeBron James na Stephen Curry. Marekani iliokolewa na kikapu cha LeBron zikiwa zimebaki sekunde nane, 101-100. Siku chache baadaye Sudan Kusini iliifunga Puerto Rico 90-79 katika Olimpiki ya Paris. Uingereza haikuwa na timu ya kikapu katika michezo hiyo.