Luol Deng na Timu ya Sudan Kusini

Mpira wa kikapu ukitajwa Tanzania, jina la kwanza ni Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009. Heshima hiyo anaistahili. Lakini natamani vijana wanaoupenda mchezo huu wamjue pia Luol Deng, kwa sababu yeye alirudi na mchezo wenyewe nyumbani.

Deng alizaliwa Wau mwaka 1985, vita vya pili vya Sudan vikiwa vimekwisha kuanza. Baba yake, Aldo Deng, alikuwa mbunge na waziri. Familia ilikimbilia Misri, na huko Manute Bol, Mdinka mwenzao aliyekwisha kucheza NBA, akamfundisha Luol na kaka yake Ajou misingi ya kikapu. Kisha wakapata hifadhi Uingereza, na Luol akaingia klabu ya Brixton Topcats, London. Alipofika miaka 14 alikwenda kusoma New Jersey, halafu Chuo Kikuu cha Duke. Mwaka 2004 akajiunga na Chicago Bulls, akakaa nao karibu miaka kumi na kuchaguliwa mara mbili katika mechi ya nyota wa NBA. Baadaye alipita Cleveland, Miami, Los Angeles na Minnesota. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012 alivaa jezi ya Uingereza. Sudan Kusini ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Alistaafu 2019, akawa rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini. Cheo kilikuwa kikubwa, mkoba ulikuwa mtupu. Juba haikuwa na uwanja wa ndani wa kufanyia mazoezi, na wachezaji wengi walikuwa watoto wa wakimbizi waliotawanyika Australia, Marekani, Kenya na Uganda. Deng aliwatafuta mmoja mmoja, akatoa fedha zake mwenyewe kwa nauli na hoteli. Mwishoni mwa 2020 Algeria ilipojitoa katika mechi za kufuzu AfroBasket, mashindano ya kikapu ya mataifa ya Afrika, Sudan Kusini ikapewa nafasi hiyo, na rais akakaa kwenye benchi kama kocha mkuu. Ukocha wake haukudumu, lakini ulitosha: mwaka 2021 timu ikafuzu kwa mara ya kwanza.

Hapo alifanya jambo ambalo viongozi wengi wa michezo kwetu huliona gumu: akampa mwingine kiti. Alimwita Royal Ivey, mzaliwa wa New York, ambaye naye alizunguka Atlanta, Milwaukee, Philadelphia na Oklahoma City kabla ya kugeukia ukocha. Kigali, 2021, timu ilifika robo fainali. Februari 2023 iliifunga Senegal huko Aleksandria, Misri, nchi ileile ambako Deng alijifunza kudunda mpira, na kufuzu Kombe la Dunia. Kwenye Kombe hilo ikazifunga China, Ufilipino na Angola, ikapata tiketi ya Olimpiki.

Julai 2024, London, Marekani ya LeBron James iliponea chupuchupu, 101 kwa 100, katika mechi ya kirafiki. Siku nane baadaye, kwenye Olimpiki, wachezaji walisimama kuusikiliza wimbo wa taifa, ukapigwa wa Sudan, nchi waliyojitenga nayo. Waandaaji walirekebisha kosa, kisha vijana wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Deng alikuwa benchini, msaidizi wa Ivey. Kikosini alikuwemo Khaman Maluach, umri miaka 17, mzaliwa wa Rumbek aliyelelewa Kawempe, Uganda. Miezi michache baadaye alianza kuichezea Duke, na mwaka 2025 akachaguliwa wa kumi kuingia NBA.