Mama Pauline Opango Lumumba: nyanya aliyengoja kuzika

Tarehe 23 Desemba 2014, habari ilitoka Kinshasa kwamba mama Pauline Opango amefariki. Alikufa usingizini, nyumbani, akiwa na umri wa miaka 77. Wengi walimtambua kwa maneno matatu tu: mjane wa Lumumba. Ni kweli. Lakini hesabu inaonyesha jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Alikuwa mke wa Patrice Lumumba kwa muda usiofika miaka 10, na alikuwa mjane wake kwa karibu miaka 54. Katika miaka hiyo alilea watoto ugenini, akazeeka na kuwa nyanya, na hakuona kaburi la mume wake.

Nyanya huyo, koko kwa watu wa Kinshasa, nkambo kwa watu wa Katanga, anastahili kukumbukwa kwa maisha yake yote. Na familia nyingi za mashariki ya nchi yetu, ambazo zimekimbia na kuacha maiti za watu wao njiani, zitaelewa haraka habari yake.

Binti wa Wembo-Nyama

Pauline Opango alizaliwa tarehe 1 Januari 1937 huko Wembo-Nyama, katika Sankuru, mahali ambapo wamisionari Wamethodisti kutoka Marekani walikuwa wamejenga misheni yao. Alikuwa Mtetela, kama Lumumba mwenyewe ambaye alizaliwa kijijini Onalua, katika jimbo hilohilo.

Wakati huo Lumumba alikuwa karani wa posta huko Stanleyville, muji tunaouita leo Kisangani. Alikuwa kijana mwenye kusoma sana na kuandika katika magazeti, lakini alitaka mke kutoka kwao. Mwaka 1951 wakaoana. Pauline alikuwa na miaka 14 tu. Leo tunasema huyo ni mtoto, na ni kweli alikuwa mtoto. Aliacha kijiji, akaingia katika muji mkubwa, katika nyumba ya mtu ambaye watu walikuja kumtafuta kila saa.

Wakazaa watoto: Patrice, Juliana, Roland na Christine. Kabla ya siasa kupamba moto, taabu ilikuwa imekwisha kuingia. Mwaka 1956 Lumumba alifungwa kwa kosa la pesa za posta. Alipotoka gerezani wakahamia Leopoldville. Kisha vikaja chama, mikutano, gereza tena, na tarehe 30 Juni 1960, uhuru. Mama Pauline alikuwa na miaka 23, na mume wake alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo.

Usiku wa mto Sankuru

Furaha hiyo haikudumu hata miezi mitatu. Tarehe 5 Septemba 1960 rais Kasa-Vubu alitangaza kumwondoa Lumumba kazini, na siku chache baadaye kanali Mobutu akachukua madaraka. Lumumba akafungiwa nyumbani. Askari wa Umoja wa Mataifa walizunguka nyumba kumlinda, na nyuma yao askari wa Kongo wakaizunguka kwa ajili ya kumkamata kama atatoka.

Katika mwezi wa Novemba msiba mwingine uligonga. Binti yao Christine, mtoto mchanga, alifariki huko Uswisi. Watoto wakubwa walisafirishwa kwa siri mpaka Kairo, nchini Misri, wapate usalama. Roland, aliyekuwa bado mdogo, alibaki na wazazi.

Usiku wa tarehe 27 Novemba Lumumba alitoroka, akaelekea Stanleyville ambako wafuasi wake walikuwa na nguvu. Mama Pauline na Roland walikuwa katika safari hiyo. Njiani watu wa vijiji walisimamisha magari, walitaka kumsikia akisema, naye akawa anasema. Ndipo wakachelewa. Inasimuliwa kwamba walipofika Lodi, kwenye mto Sankuru, Lumumba alitangulia kuvuka kwa mtumbwi. Askari wakafika ngambo aliyotoka, wakamkuta mke wake na mtoto. Lumumba alikuwa amekwisha kuvuka, angeweza kuendelea. Lakini alirudi kwao, na hapo akakamatwa.

Kila familia iliyokimbia vita inajua uamuzi wa namna hiyo: kuendelea na kuokoka, au kurudi kwa aliyebaki nyuma.

Siku aliyotembea Leopoldville

Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa Katanga, karibu na Elisabethville, muji wa Lubumbashi wa leo. Aliuawa pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Habari ilifichwa karibu mwezi mzima. Tarehe 13 Februari wakuu wa Katanga walitangaza kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Ulikuwa uongo. Walikataa pia kusema walizikwa wapi.

Katika siku hizo mama Pauline alitoka nyumbani na kutembea kwa miguu katika barabara za Leopoldville, kifua wazi, kama mjane aliye kiliyoni. Watu walimfuata. Alikwenda kwa wakuu wa Umoja wa Mataifa, na ombi lake lilikuwa moja: apewe maiti ya mume wake amzike. Picha yake ya siku hiyo ilizunguka dunia nzima. Alikuwa na miaka 24.

Hakupewa kitu. Na jambo ambalo hakulijua ni kwamba maiti aliyoiomba haikuwepo tena. Afisa wa polisi Mbelgiji, Gerard Soete, na msaidizi wake walikuwa wamefukua miili ya watu wale watatu, wakaikatakata na kuiyeyusha katika asidi, ili pasiwe na kaburi la kutembelewa. Soete alibaki na meno ya Lumumba, akayapeleka kwake Ubelgiji.

Lumumba alikuwa amemwandikia mke wake barua ya mwisho kutoka gerezani. Barua hiyo inajulikana duniani kote. Humo alimwomba asimlilie. Lakini mtu anawezaje kumaliza kilio bila kuzika?

Miaka ya ugeni

Mama Pauline akawa mkimbizi. Aliishi Misri, ambako rais Nasser aliwapokea, kisha Ubelgiji na Ufaransa. Watoto walijifunza lugha za watu wengine. Nyumbani, mwaka 1966, Mobutu alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Jina lake likawekwa kwenye barabara kubwa ya Kinshasa. Shujaa alikuwa na barabara, lakini hakuwa na kaburi.

Mwaka 1994 mama alirudi Kongo, akaishi Kinshasa mpaka mwisho wake. Aliona Mobutu akianguka mwaka 1997. Aliona binti yake Juliana akiwa waziri wa utamaduni chini ya Laurent-Désiré Kabila. Aliona vilevile serikali ya Ubelgiji, mwaka 2002, ikiomba msamaha kwa sehemu yake katika mauaji hayo. Alipata maneno ya msamaha, lakini hakupata cha kuzika.

Watoto walichukua dai la mama

Mwaka 2011 François, mtoto wa kwanza wa Lumumba, alipeleka mashtaka mbele ya haki ya Ubelgiji. Mwaka 2016, baada ya mama Pauline kufariki, polisi wa huko walikamata jino lililokuwa mikononi mwa binti ya Soete. Tarehe 30 Juni 2020 Juliana alimwandikia mfalme wa Wabelgiji akiomba masalio ya baba yao yarudishwe. Ombi lake lilikuwa lilelile la mama yake la mwaka 1961.

Tarehe 20 Juni 2022, huko Bruxelles, familia ilikabidhiwa jino hilo ndani ya sanduku. Lilipelekwa Onalua, Kisangani na Shilatembo, mahali alipouawa, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa, Limete. Kwa mama Pauline ilikuwa imechelewa miaka saba na nusu.

Nguvu ya watoto haikuwa pesa wala silaha. Walijua nani alipotea, siku gani, mahali gani, na nani alikuwa naye. Dai la nyanya halikufa pamoja naye kwa sababu nyumbani lilisemwa na kukumbukwa.

Leo familia nyingi za wahami zina mtu aliyebaki njiani na hakuzikwa, au alizikwa haraka kando ya barabara. Mara nyingi nyanya wa nyumba ndiye anayejua jina kamili la mtu huyo, kijiji, mwaka, na mti au mto ulio karibu na pale alipoanguka. Nyanya hao wanazeeka, na wengine wanafariki mbali na vijiji vyao. Daftari moja na kalamu vinatosha kuandika wanayoyajua wakingali hai. Mama Pauline hakuzika, lakini wanawe walizika, kwa sababu walijua wanamtafuta nani.